Karata za Mgomba, za Ngozi na za Nta

Hapo zamani, wala msiniulize mwaka, maana aliyeuandika aliuandika kwenye jani la mgomba na mbuzi akalila, palikuwa na mji wa milimani uitwao Kwembago. Huko ukungu huingia ndani asubuhi bila kubisha hodi, ukakaa mpaka saa nne kama shemeji asiye na kazi. Kila kitu ni chepechepe: chumvi, viberiti, hata maneno ya wachumba.

Watu wa Kwembago walipenda karata. Hukaa wanne mkekani, kila mmoja pembe yake, na anayekukabili ndiye mwenzako. Sasa tegeni masikio, maana hadithi yote imekaa juu ya desturi hii kama chungu juu ya mafiga. Mwenzako wa mkekani ni mmoja tu. Akishakaa habadilishwi. Akicheza vibaya habadilishwi, akikoroma habadilishwi, mpaka kifo. Tena humchagui wewe. Huchaguliwa na watu wa nyumbani kwako, kwa sababu, walisema, ukiachiwa mwenyewe utachagua anayekusifu.

Mzee Shekalaghe alichaguliwa mkewe, Bi Kuziwa, wakacheza pamoja miaka arobaini. Jikoni waligombana hadi kuku wakahama. Mkekani walielewana kwa kupepesa kope. Kisha Bi Kuziwa akafariki. Siku za matanga paa likavuja juu ya karata zao. Zilikuwa za karatasi. Zikavimba kama maandazi, zikagandana, ukiinua ree inakuja na ukoo wake wote. Mzee akazitazama, akajilaza, akageukia ukuta.

Hakucheka. Hakuinuka. Hakushika karata. Mwezi wa kwanza hivyo, mwezi wa pili hivyo. Uji alikunywa vijiko vitatu, cha nne akafunga mdomo. Mganga akampima akasema mwili hauna kasoro, ila mwenye mwili anaondoka polepole kwa hiari yake. Na karata mpya ziliuzwa ng'ambo ya mto, lakini mvua ilikuwa imeshachukua daraja.

Ndipo Mwanahawa, binti yake wa pekee, akatangaza: atakayetengeneza karata za kumrudisha baba mkekani, huyo ndiye atakayekaa pembe ya nne. Msicheke. Kule Kwembago, ukikaa mbele ya Shekalaghe, hata kuku wako huamkiwa.

Wakaja watatu.

Wa kwanza ni Singano, msuka kamba. Akachukua maganda makavu ya mgomba, akayakata, akayakandamiza chini ya jiwe la kusagia siku saba, akachora kwa mkaa na udongo mwekundu. Karata zikapendeza. Wakaketi watatu kando ya kitanda kuzijaribu: Singano na majirani wawili wa mzee, Mnkande na Kingazi. Huyu Kingazi alikuwa akiiba karata kwa miaka thelathini, na mji mzima ulijua, ila haukuwahi kumkamata.

Lakini ganda la mgomba lina mistari kama kiganja cha mtu, na hakuna mawili yanayofanana. Mzunguko wa tatu, Mnkande akasema, "Usijisumbue kuficha, Kingazi. Huyo ni mfalme wa shupaza, mgongo wake una kovu."

"Na wewe una ree ya kopa," akajibu Kingazi, "ile yenye doa kama sikio la panya."

Wakatajiana zote, moja baada ya moja, hata hazikuwa karata tena, ilikuwa orodha ya mirathi inayosomwa hadharani. Kingazi akazitupa chini kwa uchungu wa kweli. "Karata gani hizi? Kama wote tunaona, mtu ataibaje?"

Kitandani kukatoka sauti. Walidhani anakata roho. Kumbe mzee anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akacheka tena, kisha akageukia ukuta. Amecheka, lakini hajainuka.

Wa pili ni Mntambo, fundi ngoma. Huyu alivua ngozi ya ngoma yake kubwa, ile ya harusi, akaipara mpaka ikawa nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Migongo yote sawa, haisemi siri ya mtu. Wakaketi kuzijaribu. Lakini ngozi ikikutana na ukungu wa Kwembago hukumbuka kwamba iliwahi kuwa mbuzi. Harufu ikatoka nje, ikapinda kona, ikamkuta mbwa wa Kingazi. Mbwa akaingia, hakusalimia, akamng'ata mfalme wa kopa na kupita naye mbele ya kitanda.

Mzee Shekalaghe akaona mfalme anaondoka. Akaruka na shuka lake, miguu mitupu, akamfukuza mbwa kuizunguka nyumba mara tatu, huku akimtukania wazazi. Alirudi anahema, mkononi ana nusu ya mfalme, kuanzia kiunoni kwenda chini. Akaomba uji, akamaliza bakuli. Kisha akalala. Ameinuka, lakini hajashika karata.

Wa tatu ni Bi Sikudhani, mrina asali, mama asiye na maneno mengi. Alimwomba Singano maganda yaliyobaki. Alimwomba Mntambo vipande vya ngozi vilivyobaki. Ngozi akaichemsha mpaka ikawa gundi. Maganda akayabandika mawili mawili, moja limesimama na jingine limelala, yasipasuke. Kisha akayeyusha nta, akaichanganya na masizi, akazipaka karata zote mpaka migongo ikawa myeusi sawasawa, na alama za mbele akazichora kwa sindano. Akaziweka karibu na mkono wa mzee, akaenda zake.

Asubuhi ukungu ukaingia kama kawaida, ukazikalia karata zile, na haukupata hata moja ya kulowesha. Mzee akanyoosha kidole. Akagusa. Akanusa, zikanukia asali. Akazichukua, akazichanganya, frrr, sauti ambayo nyumba ile ilikuwa haijaisikia tangu Bi Kuziwa. Jikoni Mwanahawa akaangusha sufuria.

Mzee akatoka nje, akakaa pembe yake, akawaita Mnkande na Kingazi. Akagawa mafungu manne. Fungu la nne likalala mbele ya pembe tupu. Akasema, "Mwanahawa, mwanangu, nikalishie mwenzangu."

Wale watatu walikuwa wameshafika.

Singano akasema, "Dada, baba yako alikuwa amelala akisubiri sanda. Mimi nilimchekesha, na aliyecheka ndiye aliyeinuka. Tena vunja moja ya karata hizo: ndani ni mgomba wangu."

Mntambo akasema, "Kucheka, mtu hucheka hata akiwa kitandani. Mimi nilimwinua. Ngoma yangu iko uchi mpaka leo, harusi mbili zimechezwa kwa kupiga debe. Na gundi inayoshika mgomba wako ni ngozi yangu."

Bi Sikudhani akasema, "Mgomba wako ulitoa siri. Ngozi yako imo tumboni mwa mbwa. Mzee amegawa karata zipi?"

"Ulikuja nyuma yetu ukaokota makosa yetu," Singano akamwambia.

"Niliokota, ndiyo," akasema Bi Sikudhani. "Mlikuwa mmeyaacha chini."

Kingazi naye akachangia kwamba akalishwe yeyote asiyejua kucheza, lakini huyo hakuulizwa.

Mwanahawa akasimama juu ya pembe ile ambayo mama yake aliikalia miaka arobaini. Aliyemchekesha, aliyemwinua, aliyempa cha kushika. Atakayemkalisha hatamwinua tena, na baba yake atautazama uso huo kila jioni aliyobakiza duniani.

Basi msimwache binti wa watu amesimama peke yake. Mimi nimemchungulia mzee kwa nyuma: ameshazifungua karata zake, ana ree na mfalme wa turufu, na anatabasamu. Kilichobaki ni mwenzake tu. Je, kati ya hao watatu, nani alistahili kukaa?