Siwatu na Kitu cha Tatu

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama watu waliolala na njaa. Paukwa!

Pakawaaa!

Hayo ndiyo. Sogeeni motoni. Na wewe mwenye kikohozi, kohoa sasa hivi umalize, maana huko mbele nitataka kimya.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanajibu salamu, palikuwa na kijiji cha wafinyanzi. Humo aliishi Bi Mkasi na bintiye mmoja tu, Siwatu. Mitungi ya Bi Mkasi ukiigonga kwa kidole iliita: ngee! Siwatu naye alikuwa na kichwa kama chekecheke. Alitumwa chumvi, akarudi na kuku. Kuku mwenyewe wa jirani! Alikwenda kuchota maji, akamfuata kipepeo, akarudi jioni hana maji, hana kata, na kipepeo hakumpata. Watu walicheka, Siwatu akacheka nao. Akifika nyumbani alijifuta macho.

Siku moja Bi Mkasi akaugua, akawa wa kulala kitandani. Kijiji kile kilikuwa na desturi: mfinyanzi hanywi maji yake ya mwisho kutoka mtungi alioufinyanga mwenyewe. Hunywa kutoka mtungi wa mwanawe. Asipoupata, huondoka na kiu.

"Mwanangu," akasema Bi Mkasi, "nifinyangie mtungi. Vitu vitatu tu: udongo wa bondeni, mchanga wa mtoni, na vigae vya chungu cha bibi yako, uvitwange viwe unga. Bila vigae, moto utaupasua."

"Nimesikia, mama. Vitatu."

Akaenda. Njiani akasikia ngoma, akasimama kidogo, kidogo chake yeye. Alipokaa kuchanganya akasema, "Udongo nimetia. Mchanga nimetia. Na cha tatu... na cha tatu..." Hakikuja. Akafinyanga hivyo hivyo, akakausha, akachoma. Pwaa! Ukapasuka.

"Si kitu," akasema mama. "Udongo, mchanga, vigae."

Siwatu akaenda tena. Mbuzi wawili wakapigana, akakaa kuwaamua. "Udongo nimetia. Mchanga nimetia. Na cha tatu... na cha tatu..." Pwaa!

Mara ya tatu mama alisema kwa kunong'ona. Mara ya tatu Siwatu alikimbia asitazame ngoma wala mbuzi, akiogopa kusahau, na ile hofu yenyewe ikakila kile cha tatu. Pwaa!

Akamwendea mama yake mdogo. "Mama mdogo, kichwa changu kibovu. Nakwenda kukitafutia dawa. Mwangalie mama."

"Usikawie, mwanangu."

"Sikawii."

Mnamjua. Alitoka mbio hata akasahau kumuaga mamaye.

Akamkuta Korongo mtoni, amesimama kwa mguu mmoja.

"Shikamoo, babu Korongo. Nipe dawa ya kukumbuka."

"Marahaba. Dawa sina. Na punguza sauti, unanifukuzia kitoweo."

"Sasa una nini?"

"Nina mguu mmoja na samaki mmoja. Wewe una macho mawili, yote mazururaji. Simama hapa, mtazame samaki yule."

Akasimama. Likapita jani, akaligeukia. "Rudi," akasema Korongo. Akalia chura, akamgeukia. "Rudi." Akamkumbuka mamaye, akalia. "Rudi, mjukuu wangu. Jicho litatoroka tu. Wewe lirudishe."

Mwezi ukaandama, ukapevuka, ukafa. Siwatu akawa anaweza kumtazama samaki mmoja tangu asubuhi mpaka jua la utosi.

Akaenda kwa Mnana, fundi wa viota, akamkuta ananing'inia kichwa chini.

"Dawa sina!" akapiga kelele Mnana kabla hajaulizwa. "Mdomo wangu unashika ujani mmoja, ndiyo maana nafunga. Nyasi tatu zikifungwa huwa kitu kimoja. Wewe vyako ni vipi?"

"Udongo. Mchanga. Na..." Siwatu akatulia kama alivyotulia mtoni. Jicho likatoroka, akalirudisha. "Vigae! Vigae vya chungu cha bibi!"

"Basi vifunge viwe mtu mmoja. Udongo ni nyama yake. Mchanga ni mifupa. Vigae je?"

"Meno! Meno ya bibi!"

"Alikuwa nayo mangapi?"

"Alizikwa na mawili."

Wakacheka mpaka kiota kikayumba. Mwezi mwingine ukafa, Siwatu anafunga: majina ya ndege, njia za msituni, nyota.

Akashika njia ya nyumbani. Alipokaribia kijiji akamkuta Ng'ombe zizini, anatafuna na mdomo hauna kitu.

"Shikamoo, bibi Ng'ombe. Dawa..."

"Sina. Nilichokula asubuhi nakirudisha mdomoni mchana, na jioni tena. Nawe ukiambiwa neno, lirudishe mdomoni kabla halijapotea. Tafuna, meza, cheua."

Siwatu akatazama huku na huku. "Mbona zizi hili nalijua?"

"La nyuma ya nyumba yenu. Mama yako alikuwa akija hapa kuchukua samadi ya kuchomea mitungi. Siku ile ulinipita mbio."

"Mbona hukuniita?"

"Nilikuita. Mara tatu."

Siwatu akakimbilia nyumbani. Mlangoni mama mdogo akamwambia neno moja tu: "Umekawia."

Bi Mkasi alikuwa amelala, mwembamba kama ukindu. Ugonjwa ulikuwa umepanda kichwani. Akamtazama Siwatu kwa adabu.

"Karibu, mgeni. Wewe mtoto wa nani?"

Siwatu akakaa kuchanganya, machozi yanaingia kwenye udongo. "Nyama nimetia. Mifupa nimetia. Na cha tatu..." Kikaja. Akakausha, akachoma kwa samadi ya Ng'ombe, akagonga kwa kidole.

Ngee!

Akautia maji, akamnywesha mamaye.

"Mtungi unaita huu," akasema Bi Mkasi. "Wa nani?"

"Wa binti yako Siwatu."

"Ah, yule. Alitoka bila kuniaga. Wewe mwenye miguu, ukimwona mfikishie maneno matatu. Hutasahau? Mwenyewe ni msahaulifu sana."

"Sitasahau, mama."

"Mwambie sikumkasirikia."

"Sikumkasirikia," akatafuna Siwatu.

"Mwambie maji nimekunywa."

"Maji nimekunywa."

"Na la tatu... na la tatu..."

Siwatu akasimama kama Korongo, macho yote mawili kwenye mdomo mmoja. Hakutazama mlango, hakutazama jua. Midomo ya Bi Mkasi ikatafuta, ikatafuta. Kisha ikaacha kutafuta.

Siwatu akawa mfinyanzi, akazeeka, wala hakusahau kitu tena. Kila jioni aliyacheua maneno yale mawili, akanyamaza mahali pa lile la tatu. Ndiyo maana wafinyanzi wa kijiji kile wakiutoa mtungi motoni huugonga mara mbili, halafu kidole hukaa hewani, wakisikiliza.

Nilikuwa na mzaha wa kufungia, nao umenitoka. Hadithi yangu imeishia hapo. Aliye na mama, akamsalimie.