Digidigi Mkaguzi na Hadithi ya Arobaini na Moja

Jamani, nimekuja na uwongo!
— Ulete, tuutafune!
Una mifupa!
— Tutaitema!

Basi wanyama walikuwa na ghala lao la hadithi. Kila mmoja aliruhusiwa kuleta yake, ila sharti moja: iwe uwongo mtupu. Ukileta jambo la kweli, hadithi zako zote hutolewa ghalani zikatiwa moto. Mkaguzi alikuwa Digidigi. Aliyempa kazi ile alimwonea, maana Digidigi ni mwoga, na simcheki, hata mimi ningeogopa. Ukipita ulimsikia akigonga muhuri: kwa! Imepita. Au: kwi! Irudi.

Chui alikuwa na hadithi arobaini mle, zote za kujisifu. Chui kamzaba kofi Simba. Chui kamtupa Tembo mtoni. Wanyama wakizisoma, wanampisha njia. Lakini mlafi yule hakutosheka. Akaiba hadithi ya Kobe, akafuta jina la Kobe, akaandika Chui.

Digidigi akaisoma, miguu tetetete.

"Samahani, Mzee Chui. Hapa umeandika, 'Chui akaingia ndani ya gamba lake.'" Kwi! Irudi.

Chui akaichukua, akaenda zake. Kesho yake akaja na karatasi mpya, akaketi mlangoni, na mlango ulikuwa huo huo mmoja.

"Soma kwa sauti."

"'Chui... alimla... Digidigi mkaguzi... akamaliza hata kwato.'"

Moyo ndu! ndu! ndu! Aliogopa, jamani, aliogopa mpaka akaona giza.

"Ipitishe kwanza, niione imo ghalani," Chui akasema. "Kisha nikule."

"Vyote viwili, mzee?"

"Vyote viwili. Lini umeniona nikichagua?"

Digidigi akashika muhuri kwa kwato mbili, maana moja ilikataa kutulia. Kwa! Imepita.

Chui akaruka, hap! Meno yakagusa shingo.

"Mzee, ngoja!" Digidigi akalia. "Hiyo sasa ni hadithi yako. Ukinila, itakuwa kweli. Ikiwa kweli, zote arobaini na moja motoni. Na Simba atakumbuka kwamba hujamzaba kofi hata siku moja."

Digidigi akafumba macho. Pumzi ya moto ilimpita shingoni, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Kisha meno yakaondoka polepole.

"Basi niondolee hiyo moja," Chui akanguruma.

"Andika ombi, mzee. Na sababu."

Chui akaandika. Digidigi akasoma, miguu tetetete. Sababu: njaa.

Kwi! Irudi.

Tangu hapo Chui huja kila asubuhi na ombi jipya. Humnusa shingo kwanza, ndipo alitoe. Digidigi hajazoea. Hutetemeka vilevile, hulia kidogo, hugonga kwi!

Uwongo wangu nimeutua, mwenye mabega aubebe. Na funzo, watoto wangu, ni hili: semeni kweli daima, maana njia ya mwongo ni fupi. Digidigi mpaka leo yumo njiani.