Neno la Pimbi katika Pembe ya Tembo

Hapo zamani za kale ukame uliingia mwituni, maji yakabaki katika bwawa moja tu. Tembo na Kiboko wakalishika wakalifanya lao. Na sheria ya mwitu ilikuwa hii: neno likishapigiwa mbiu, halirudi.

Sasa wanangu, Mama Pimbi, mdogo wa kuenea kapuni, alikuwa na watoto hoi kwa kiu. Hata kulia hawawezi. Moyo ukamuuma, akajitwika mtungi, huyoo bwawani.

"Hodi!"

"Rudi ulikotoka!" Kiboko alinguruma. "Hapa hatugawi maji!"

"Maji nani kayataja, baba? Kwetu wanabishana tu. Pembe ya Bwana Tembo na ngoma yako, ipi sauti yake inafika mbali zaidi?"

Lo! Ugomvi ukawaka.

"Pembe yangu!" alisema Tembo. "Mdomoni nimeitia shaba!"

"Wapi! Ngoma yangu ni gogo zima la mninga!"

"Basi pigeni mbiu, tusikie," alisema Mama Pimbi.

"Tutangaze neno gani?" aliuliza Tembo.

"Ah, neno nalo lina kazi gani?"

"Kweli kabisa!" Kiboko alicheka. "Maneno hata kasuku anayo. Ngoma kama hii nani anayo?"

"Basi semeni lolote. Semeni... 'Bwawa ni la wote, njooni mteke.'"

Tembo akavuta pumzi. Puuuuu! "Bwawa ni la wote! Njooni mteke!"

Kiboko akubali kushindwa? Thubutu! Ndu! Ndu! Ndu! "Bwawa ni la woteee! Njooni mtekeee!"

"Mmh, sijaridhika. Hebu tena," alisema Mama Pimbi, huku akitupia jicho njiani. Wakarudia mpaka jasho likawatiririka.

Mara vumbi, timtimtim! Swala, Ngiri, Nyani, hata Kobe, wote na vibuyu vyao.

"Nyie! Mnakwenda wapi?" alifoka Tembo.

"Kuteka maji. Si mmetuita?"

"Nani kawaita?"

"Wewe! Na mwenzako kakuitikia!"

Tembo akamtazama Kiboko, Kiboko akaitazama ngoma yake. Mbiu imeshalia, watafanya nini?

Mama Pimbi hakungoja. Alijaza mtungi, mbio nyumbani, akicheka njia nzima, na watoto wakanywa mpaka matumbo yakajaa pomoni.

Kule bwawani Kiboko aliuliza kwa unyonge, "Haya, lakini mlisikia nini zaidi? Pembe au ngoma?"

"Sijui, baba," alijibu Kobe, akichovya kibuyu. "Mimi nilisikia maji."

Basi wanangu, kabla hujaisifu pembe, sikiliza kwanza inasema nini.