Maziwa ya Mtoto wa Bupe

Sogeeni, na mwenye mtoto amnyonyeshe kwanza. Hadithi hii ina watu watatu na zawadi moja, na mwisho wake mimi siujui.

Katika kijiji cha milimani, penye migomba na ukungu, walikuwepo dada watatu. Atupakisye, mkubwa, alijua majani. Akitafuna bua moja alikuambia kama litaleta maziwa au litamharisha ng'ombe. Sekela, wa katikati, alikuwa na mikono: ng'ombe mpiga mateke alitulia akimshika. Tumpe, mdogo, aliwahi kuishi na wafugaji wa bondeni, akarudi akijua kuchuna ngozi bila kuitoboa.

Dada yao wa nne, Bupe, alifariki akijifungua. Aliacha mtoto wa kike, na ng'ombe mmoja mwenye ndama. Mtoto alitapika kila alichopewa isipokuwa maziwa ya ng'ombe yule, yakichemshwa na kuongezwa maji. Wiki ya tatu ndama akaharisha, akafa. Ng'ombe akabana maziwa. Hata tone halikutoka.

Ambokile, mume wa Bupe, akawaita mashemeji zake.

"Huyu akifa, mtamzika nyinyi," alisema. "Mimi nimechoka kuchimba."

Ulikuwa wakati wa kiangazi, na ng'ombe mwenye njaa hana cha kutoa. Atupakisye akashuka korongoni, mahali watu wanapoogopa, akakata majani mabichi. Akipanda na mzigo aliteleza, mundu ukamkata mishipa ya mkono wa kulia. Vidole vitatu havikukunjika tena. Mzigo hakuuacha.

"Majani yana damu," Ambokile alilalamika. "Ng'ombe hatakula."

Ng'ombe alikula, akanywa ndoo tatu za maji. Kiwele kikajaa, lakini maziwa hayakushuka.

Ndipo Tumpe akamfukua ndama. Alimchuna, akaipaka ngozi chumvi na majivu, akaijaza majani makavu ya mgomba, akaisimamisha mbele ya ng'ombe. Ng'ombe akanusa. Akailamba ngozi ile, akalia kwa sauti ndogo, na chuchu zikaanza kudondosha maziwa. Bondeni kila mtu anafanya hivyo. Kijijini pale hakuna aliyewahi kuona. Mchumba wa Tumpe alikuja na mama yake, wakachungulia bandani.

"Anayefukua mizoga," yule mama alisema, "mwanangu akifa atamfanyia nini?"

Posa ikavunjwa siku hiyohiyo.

Maziwa yalikuwa yanadondoka, lakini kiwele kilivimba na kila aliyekigusa alipigwa teke. Sekela akakaa chini, na mimba yake ya miezi mitano. Alikiosha kwa maji ya uvuguvugu, akakikanda, akapaka mafuta, akamwaga maziwa ya kwanza yenye mabonge mpaka yakatoka safi. Asubuhi na jioni alikamua hadi tone la mwisho, kwa sababu maziwa yakibaki, kiwele huharibika. Siku ya tisa ngozi ya ndama ikapasuka, majani yakamwagika. Ng'ombe akayatazama, akarusha mguu. Teke likampata Sekela tumboni. Ndoo aliishikilia, isimwagike.

Jioni ile mtoto wa Bupe alikunywa. Wa Sekela hakuzaliwa, na mkunga alimwambia hatazaa tena.

Ng'ombe akaizoea mikono, akashusha maziwa bila ndama. Mtoto akanenepa. Alipofika miezi tisa, Ambokile akaoa. Mke mpya hakutaka cha marehemu, awe mtoto, awe ng'ombe.

"Mashemeji," alisema Ambokile, kamba ya ng'ombe mkononi, "hawa wawili wanakwenda pamoja, kwa mmoja wenu aliyemwokoa mtoto. Msipokubaliana hadi jua lizame, ng'ombe anakwenda kwa mchinjaji na mtoto kituo cha yatima."

"Shemeji, kaburi la dada halijaota hata nyasi!" alisema Tumpe.

"Habari za nyasi muulize Atupakisye."

Atupakisye akauinua mkono wake. "Bila majani, kiwele kingekuwa mfuko mtupu. Nina watoto wanne, na jembe silishiki tena."

"Majani yako yalikaa kiweleni kama maji kwenye mtungi uliozibwa," alisema Tumpe. "Nani alizibua? Nikizeeka peke yangu, mtaniletea nyinyi maji ya kunywa?"

"Mlifikisha maziwa mlangoni," alisema Sekela taratibu. "Mimi niliyatoa. Nimelipa mtoto kwa mtoto."

"Hukulipa, mdogo wangu," Atupakisye alimjibu. "Uliporwa, kama sisi."

Sasa jua limeshuka kwenye migomba. Mchinjaji amekaa nje, ananoa kisu. Mtoto analia njaa, na ng'ombe hajakamuliwa, kwa kuwa kila dada akiinama na ndoo, wenzake wawili wanamvuta nyuma.

Je, wewe ungemkabidhi nani kamba? Mtaje. Kisha uwatazame usoni wale wawili uliowanyima.