Jani Lililokunjwa Kwenda Mbele

Sogeeni karibu, lakini nawaambia mapema: hadithi hii haimtaki mtu wa kusema "wote wana haki" kisha akakung'uta nguo na kwenda zake. Huo si uamuzi, ni woga. Upawa ni mmoja, na wanaoudai ni watatu.

Mzee Shekue wa Tanga alikuwa na mgahawa karibu na stesheni, na watoto watatu. Mkubwa, Mbaruku, alizaliwa na pua. Wewe pika ndani umefunga madirisha, yeye akiwa njia panda atakwambia kitunguu chako kimeungua upande mmoja. Wa kati, Riziki, alizaliwa na ulimi. Akionja pilau yako anakutajia kila kilichoingia chunguni, na ulichosahau pia, hata kama hukumwuliza. Wa mwisho, Mwanakheri, hakuzaliwa na kitu. Ndivyo walivyosema nyumbani kwa mzaha, naye alicheka pamoja nao, maana kitinda mimba hujifunza kucheka mapema. Alichokuwa nacho ni kushika. Baba akisema jambo mara moja, kwake lilikaa.

Katika mgahawa ule, wali ulipakuliwa juu ya jani la mgomba. Mzee Shekue aliwafundisha wanawe kwamba ukishashiba, likunje jani kwa kulisukuma mbele, mbali na kifua chako. Hiyo ndiyo asante ya mpishi. Zilipokuja sahani za plastiki, Mbaruku na Riziki waliisahau desturi hiyo. Mwanakheri, kila alipokutana na jani, alilikunja vilevile.

Desturi hiyo mzee mwenyewe aliitoa mbali. Ujanani alikuwa mpishi wa meli ya mizigo. Meli ilipotia nanga Malaysia homa ikamwangusha, na baharia mwenzake, Mhindi wa Kitamil, akampeleka kwa jamaa zake katika mji fulani wa bara wenye mvua isiyoisha. Wakamlisha wali na mchuzi wa samaki juu ya jani mpaka akasimama. Jina la mji lilipotelea kwenye homa. Mchuzi haukupotea. Miaka yote aliutafuta kwa upawa wake wa kifuu cha nazi. Alikoroga, akaonja, akatikisa kichwa, kisha akawapakulia wateja, nao wakausifu.

Akaugua ugonjwa wa kutorudi. Uji akaukataa, supu akaisukuma, hata maji alikunywa kwa kubembelezwa na mkewe, Bi Tumu. Siku moja akawaita watoto.

"Nautaka ule mchuzi," akasema. "Atakayeniletea, upawa ni wake. Jiko halikai na mabwana watatu."

Bi Tumu akawanong'oneza wanawe wamwache baba yao, anaweweseka. Hakuwa anaweweseka, na wote walilijua hilo. Wakapanda ndege.

Sasa sikilizeni alichofanya Mbaruku. Baba alikumbuka alama moja tu: jirani Mchina aliyekuwa akikaanga buni kwa siagi na sukari mpaka ikawa nyeusi tii, na harufu yake ikichanganyika na mvua. Kwa alama hiyo wakaingia Klang, wakaingia Ipoh, wakaingia vimji ambavyo majina yake yaliwashinda. Na Malaysia, ndugu zangu, ni nchi inayokulia barabarani. Hapa mtu anarusha chapati hewani kama anayekung'uta shuka. Pale mishikaki midogo inasubiri mchuzi wa karanga. Kule tambi zinarukaruka juu ya moto mkali. Na mbele yake barafu iliyoparuzwa inamwagiwa tui na sukari ya mnazi. Riziki alionja kila kibanda, eti ni kazi. Mbaruku alipita katikati ya vyote kama mtu asiye na tumbo, pua juu. Walipofika Taiping mvua ikaanza, naye akasimama katikati ya barabara, magari yakimpigia honi.

"Buni," akasema.

Akakata kichochoro, akapita duka la baiskeli, akapita karakana ya kahawa iliyokuwa ikifuka moshi mtamu, akasimama mbele ya mgahawa wenye mabenchi marefu na rundo la majani ya mgomba mlangoni. Mwenye mgahawa alikuwa mwanamke wa Kitamil, nywele nyeupe, jina lake Letchumi.

Sikilizeni alichofanya Riziki. Alitia tonge moja mdomoni, akafumba macho. "Huu ni mchuzi wa baba," akasema, "pamoja na kile kinachokosekana." Kisha, kwa Kiingereza cha kuokoteza, akamtajia Letchumi mchuzi wake wote: ukwaju, uwatu, haradali, yale majani madogo ambayo Wahindi huyapanda uani, hata kwamba samaki aliingia moto ukishapunguzwa. Letchumi akaacha kufuta meza akamtazama. Lakini chini kabisa kulikuwa na kitu laini, chenye uchachu wa mbali, na ulimi wa Riziki ukagota hapo. Akauliza. Letchumi akakataa. Wengi wamekuja, akasema, wakapiga picha, wakadadisi, kisha wakafungua migahawa mikubwa wakasema ni mapishi ya bibi zao. Yeye anauza chakula, hamuuzi mama yake. Basi nao wale tu, washibe, waende salama. Riziki alibembeleza, akalia, akakasirika. Mwanamke akawapa kisogo.

Na Mwanakheri? Hakufanya kitu. Alikula, akamkumbuka baba, machozi yakamtoka. Alipomaliza akalikunja jani lake kwa kulisukuma mbele, akanyanyuka.

Letchumi aliliona jani. Akaja mpaka mezani.

"Nani amekufa, mwanangu?"

Mwanakheri akajibu kwamba hakuna. Hivyo ndivyo baba alivyowafundisha kushukuru.

"Kwetu aliyefurahi hulikunja jani kuja kwake, ili arudi tena," akasema Letchumi. "Anayelisukuma mbele yuko msibani. Hataki siku kama ile irudi. Baba yako alikula wapi?"

Mwanakheri akamweleza habari ya meli, homa na baharia. Yule mama akakaa kwenye benchi. Akasimulia kwamba mwaka aliofiwa na baba yake, yeye akiwa binti mdogo, chumba cha nyuma kilikuwa na baharia Mwafrika mgonjwa. Alikula pamoja na wafiwa, akakunja jani kama walivyokunja wao. Nani atamsahihisha mgeni siku ya msiba?

"Maskini," akasema. "Alidhani tunashukuru."

Akamshika mkono Mwanakheri, akampeleka jikoni, akamwonyesha. Ni maji ya kuoshea mchele, yale meupe, yaliyolazwa mpaka yakachachuka kidogo. Ndiyo yanayoanza mchuzi. Ndiyo yaliyoushinda ulimi wa Riziki, kwa kuwa maisha yake yote aliyamwaga uani.

Njiani kurudi, Mwanakheri aliwaomba wenzake jambo moja: baba asiambiwe maana ya lile jani.

Wakamkuta hai, kwa shida. Riziki aliosha mchele, akalaza maji, akapika siku ya pili kwa upawa wa baba. Bi Tumu akatandika jani. Mzee Shekue akainuliwa, akala tonge, akala jingine, akafumba macho kama Riziki alivyofumba. Alikula kidogo, ila alikula. Kisha akalishika jani, akalikunja kwa kulisukuma mbele.

"Ndiyo huu," akasema. "Upawa mpeni aliyeuleta."

"Nani, baba?" akauliza Mbaruku.

Hakujibu. Adhana ya alasiri haikumkuta.

Baada ya khitma, jamaa walipokwisha kutawanyika, maneno yakaanza. Mbaruku akasema bila pua yake wangekuwa bado wanakula mishikaki Ipoh. Riziki akamwambia pua haipiki. "Ilitufikisha mlangoni, kaka, na baba hakula mlango." Mwanakheri akasema taratibu kwamba huo mlango wenyewe ulifunguliwa na jani.

Mbaruku akamgeukia.

"Jani? Wewe ulimkunjia baba jani la msiba naye yu hai. Usiuguse upawa wake."

Mtu akishalitamka neno la namna hiyo, harudi nalo. Mwanakheri alimtazama dada yake amtetee. Riziki akainamisha kichwa, na hilo lilimchoma kuliko lile la kwanza. Alitaka kusema kwamba alifanya alichofundishwa, na kama hao wakubwa wasingesahau, majani matatu yangekunjwa siku ile. Hakuwa akiutaka upawa kwa sababu ya jiko. Aliutaka kwa sababu ukimpita leo, kwa neno lile, basi mama yake amekubali kwamba yeye ndiye aliyemzika baba kabla ya siku yake.

Bi Tumu alikuwa na upawa mapajani, akiufuta kwa pembe ya kanga ingawa ulikuwa safi. Akauliza jani la msiba ni jani gani. Ikabidi aelezwe.

"Naye baba yenu alilisukuma mbele," akasema. "Mimi nilidhani ananishukuru."

Kisha akaunyoosha mkono wenye upawa, kuelekea pale walipokaa watatu.

Mimi nawaachia hapo, na msinitazame mimi. Asiye na pua ile angepotea njia, asiye na ulimi ule angerudi na hadithi badala ya mchuzi, na asiyelikunja jani lile angefukuzwa mlangoni. Yupo atakayesema Mwanakheri hakukusudia, na asiyekusudia halipwi. Haya, mwulizeni basi: kama asiyekusudia halipwi, mbona analaumiwa? Mkono wa Bi Tumu unachoka. Wewe uliyekaa hapo kimya, huo upawa, ungeuweka katika mkono wa nani?