Vumbi Alilolikimbiza Yoeli

"Afuataye vumbi hunywa na ng'ombe." Ndiyo maneno mliyoyasikia jana kwenye mazoezi ya kwaya, mzee wa kanisa alipomwambia Tumaini asikimbilie machimbo ya dhahabu kwa sababu tu wenzake wamekwenda. Mkacheka, halafu mkaja kuniuliza yametoka wapi. Hayakutoka mbali. Yalizaliwa hapa hapa Mtumbuli, na siku yalipozaliwa mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha maji mkononi.

Yoeli mnamjua. Baba yake alikuwa kaka wa marehemu mume wangu. Wazazi wake walipofariki tukamlea sisi, na Bwana alipomchukua mume wangu nyumba ikabaki na watu wawili, mimi na yeye. Utotoni alichunga ng'ombe wa watu. Alipokuwa kijana akaanza kuchota maji lamboni na kuyapandisha kilimani kwa baiskeli, madumu sita kwa safari, safari nne kwa siku. Mlima huo hupandi, unasukuma. Alipofika miaka ishirini na minne mgongo wake ulikuwa wa mzee. Kila alfajiri nilisikia mkono wake ukiparuza ukuta, anajishikilia ili ainuke.

Mwaka huo, mwezi wa kumi, wilaya ikatangaza mashindano ya baiskeli za milimani. Kilomita sitini, kutoka mjini, kupitia makorongo na vichaka, hadi mjini tena. Mshindi wa kwanza angepewa toyo mpya, ile pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo. Wa pili fulana. Watu waliiona toyo. Mimi niliuona mgongo wa Yoeli.

Mwinjilisti wetu alimwazima Yoeli baiskeli yake ya gia. Washindani walikuwa wengi, lakini wa kuogopwa alikuwa mmoja, Brayson, kijana aliyetoka Arusha na nguo za kubana na miwani ya rangi.

"Huyu amevaa ngozi ya chura!" vijana wetu wakamcheka.

"Chura akiruka mtamwona?" akawajibu, naye akacheka.

Sisi akina mama wa kanisa tulipewa kazi ya kugawa maji njiani. Mimi nikapangiwa juu ya mlima, kilomita ya arobaini na tano, ambapo mbuga yote unaiona kama mkeka uliotandikwa. Njia ya mashindano ilikuwa imefungiwa tepe nyekundu kwenye miiba. Chini kidogo ya kituo changu inagawanyika. Kushoto, penye tepe, unazunguka mlima kwenda mjini. Kulia unateremka kwenye mchanga hadi lamboni.

Ilipofika saa saba jua likawa linachoma mpaka mawe yanalia. Upepo hakuna. Nikakaza macho kwenye korongo walikotakiwa kutokea. Nikaona vumbi moja tu, jembamba, limelala nyuma kama mkia wa panya. Nikasema, "Bwana, awe yeye."

Akawa yeye. Uso umepakwa udongo mwekundu, midomo imepasuka, chupa ya maji imekauka. Nikamsogelea na kikombe.

"Kunywa, mwanangu. Wewe ndiye wa kwanza."

Hakushuka. Aliweka mguu mmoja chini, anahema, macho ameyaelekeza mbugani. "Mama mdogo, wa kwanza wapi? Brayson yuko mbele tangu kilomita ya kumi!"

"Hapa hajapita mtu."

"Amepita! Hukumwona tu. Labda ulikuwa unasali."

"Nasali macho wazi, Yoeli. Hajapita."

"Na lile nini?" Akanyoosha kidole. Kweli, kule mbugani upande wa kulia vumbi lilikuwa limeinuka. "Si yule pale? Anakaribia kumaliza, nami nasimamishwa kunywa chai!"

"Lile limenenepa. Limesimama wima. Wewe umechunga, unajua lile ni..."

Hakungoja neno la mwisho. Kikombe kikanidondoka, maji yakanywewa na udongo. Alipofika njia panda hakutazama miiba hata kidogo. Alitazama vumbi, akakata kulia.

Nikapiga kelele. Nikavua khanga ya juu nikaipunga mpaka mikono ikafa ganzi. Mgongo wake ukaendelea kupungua, kama mbegu ya ulezi inayoviringika. Hakuna kitu kibaya kama kumwona mtu wako akienda kwa bidii mahali ambapo hapana kitu.

Hazikupita dakika kumi, Brayson akatokea korongoni. Mwiba ulikuwa umetoboa gurudumu lake, akajificha kivulini chini ya ukingo kuziba pancha, na Yoeli akapita juu yake ameinamisha kichwa. Akashuka kwangu.

"Shikamoo, mama. Wamepita wangapi?"

Nilitamani kumdanganya. Lakini uongo siuwezi. "Marahaba. Mmoja tu, naye amepotea njia."

Akanywa vikombe viwili, taratibu. Akatafuta tepe kwa macho, akaiona, akaenda kushoto. Toyo ikaenda Arusha.

Yaliyobaki alinisimulia Mzee Chidawali mwenye ng'ombe. Mnajua kwetu mifugo hunyweshwa kwa zamu, na Jumamosi saa saba ni zamu ya boma lake, ng'ombe themanini. Anasema alisikia mtu anakanyaga baiskeli nyuma ya kundi kama anayefukuzwa na simba, Yoeli akaingia katikati ya vumbi, akasikia kengele za shingoni mwa ng'ombe, akasimama kabisa. Kiu ilikuwa imemshika koo. Akalaza baiskeli, akapiga magoti penye birika la kunyweshea mifugo, kati ya midomo miwili ya ng'ombe, akanywa.

Mzee akamtazama hadi alipomaliza. "Karibu, mchungaji wangu wa zamani. Ulikuwa unamfukuza nani?"

"Aliyekuwa mbele yangu."

"Mbele yako walikuwa hawa. Basi ndivyo, mwanangu. Afuataye vumbi hunywa na ng'ombe."

Yoeli aliisukuma baiskeli kwenye ule mchanga kurudi juu, akafika mjini wa sita. Jioni akakaa mlangoni kwangu, kofia mkononi. "Uliniambia, mama mdogo." Nilimwekea ugali na mlenda, tukaomba, tukala.

Jumatatu alfajiri nikasikia mkono wake ukiparuza ukuta. Halafu nikasikia madumu, moja, mawili, hadi sita. Wakati anatoka, watoto wa jirani wakamwuliza kwa kejeli, "Kaka Yoeli, leo unamfukuza nani?"

Akakaza kamba ya madumu. "Leo nafuata njia. Nanyi shikeni hili mkiwa bado wadogo, mimi nimelishika nikiwa na mgongo mbovu. Afuataye vumbi hunywa na ng'ombe."