Pimbi na Mswada wa Bwawa

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona sauti za wagonjwa? Mmekula au mmenusa tu? Paukwa!

— Pakawa!

Haya. Moto uliwaka?

— Ukazimwa!

Kwa miguu ya nani?

— Tuambie wewe!

Nitawaambia, maana hadithi hii hakuna anayeijua kama mimi. Bibi zenu wanaijua nusu.

Hapo kale wanyama walikuwa na Zimamoto yao. Mkuu wa kikosi alikuwa Afande Ngiri, anachimba ardhi kwa meno mpaka moto unakosa pa kupita. Kanga anazipiga cheche kwa mabawa mpaka zizimike. Nyani anachota maji bwawani kwa kibuyu. Na Pimbi? Pimbi anakaa juu ya jiwe la baraza, anaota jua, anasikiliza miswada.

"Wenzio tunaungua, wewe unaota jua!" Kanga akamcheka.

"Naota kwa niaba yenu, dada," Pimbi akasema. "Moto unauma siku moja. Sheria inauma kila siku."

Barazani desturi ilikuwa hivi: mswada unasomwa mara tatu, kila mara na baraza lake. Anayepinga anakanyaga ardhi. Kishindo kikisikika, mswada umekufa. Hata sheria iliyokwisha kupita inauawa hivyo hivyo.

Mwenyekiti alikuwa Nyati. Pembe kubwa, na tumbo kubwa kuliko pembe. Siku moja, Zimamoto wakiwa mlimani, akasimama akasoma: "Asichote mtu maji ya bwawa bila ruhusa ya Nyati!"

Pimbi akateremka jiweni, mbio, pu-pu-pu, mpaka mlimani.

"Afande, mswada wa bwawa umesomwa! Njoo ukanyage!"

"Nina moto hapa," Ngiri akasema. "Kanyaga wewe."

Nyati akasoma mara ya pili. Pimbi akateremka jiweni, mbio, pu-pu-pu, mpaka bondeni.

"Afande, umesomwa tena!"

"Nina moto hapa. Kanyaga wewe."

Basi Pimbi akarudi, akajikaza, akainua mguu juu, akakanyaga: tip.

Nyati akatega sikio. "Nimesikia kimya," akasema.

Baraza zima likacheka. Pimbi naye akacheka, lakini tumboni hakucheka. Bila maji ya bwawa, kikosi kingezima moto kwa mate? Akawaza. Mguu hauna kishindo. Basi, ulimi je?

Jioni akamfuata Nyati matopeni.

"Shikamoo, Mkubwa."

"Marahaba, panya usiye na mkia. Umekuja kukanyaga tena?"

"Nimekuja kuona haya kwa niaba yako. Mkubwa kama wewe, mswada mdogo hivyo? Maji tu! Na majani yanayozunguka bwawa, aachiwe nani?"

Nyati akaacha kucheua. "Endelea."

"Asiyakanyage mtu ila wewe. Na ruhusa yako isitupwe hovyo kama maganda. Isomwe barazani mara tatu, kila mara na baraza lake. Ndivyo wakubwa wanavyoombwa."

"Kumbe una akili, panya!"

Mara ya tatu Nyati akasoma yote: maji, majani, ruhusa. Hakukanyaga mtu. Ikawa sheria.

Kiangazi kikakaza. Moto ukaja na upepo, ta-ta-ta-ta, unatafuna nyasi. Ngiri akachimba, Kanga akapiga, upande wanakolala watoto wao ukapona. Moto ukageuka, ukaelekea majani ya Nyati. Kikosi kikafika ukingoni, Ngiri akainua mguu aingie.

"Simama, Afande!" Pimbi akasema. "Hayo yana mwenyewe. Kaeni chini."

Wakakaa. Nyati akaja akihema. "Mnakaa? Zimeni!"

"Tuna ruhusa, Mkubwa?"

"Ruhusa! Ruhusa! Ruhusa!"

"Hilo ni baraza moja. Bado mawili. Tutarudi kesho."

Ta-ta-ta-ta. Moto ukala shada la kwanza la majani.

"Sheria na ife!" Nyati akalia.

"Haifi kwa kelele. Inakanyagwa."

Nyati akakanyaga. Gudu!

Pimbi akatega sikio. "Nimesikia kimya. Sogea huku kidogo, Mkubwa, penye moshi."

Gudu!

"Kimya. Huku tena, penye wekundu."

Gudu! Gudu! Gudu! Pimbi anarudi nyuma akiongoza, Nyati anafuata akikanyaga, na kila anapokanyaga, moto, fyuu, unazimika. Akazunguka bwawa zima. Alipokanyaga ndimi za mwisho, Pimbi akapiga makofi.

"Sasa tumesikia! Sheria imekufa. Na moto pia."

Nyati akatazama kwato zake, zinafuka moshi. "Maji," akasema, kwa sauti ya mtoto.

"Nyani, mchotee Mzee," Pimbi akasema. "Leo hatuombi ruhusa."

Kanga akacheka mpaka akapaliwa. Ngiri hakucheka. Alimgeukia Pimbi, akasema, "Baraza la kesho linaanza saa ngapi?"

Hadithi imefika ukutani. Ikikunogea, nenda nayo; isipokunogea, nirudishie, wateja ninao.

Na funzo? Funzo ni hili, watoto wazuri: sheria ni mambo ya wakubwa. Wadogo wakae juu ya mawe, wanyamaze, waote jua. Pimbi mpaka leo anafuata funzo hili. Ukimkuta jiweni kafumba macho, usimsemeshe.

Anasikiliza.